Kazi ya Mashine, Jina la Mtu

Jioni, giza liingiapo katika Mangobo, mojawapo ya komini sita za mji wa Kisangani, huonekana vijana wameketi mbele ya nyumba za wazazi wao, nyuso zao zikimulikwa na simu. Wengine wanacheza, wengine wanaongea na rafiki walio mbali. Lakini wako pia wanaofanya kazi ya chuo. Mwalimu amewaagiza waandike programu, yaani mfuatano wa amri ambazo kompyuta itazitii moja baada ya moja. Nao, badala ya kuketi na kufikiri, huieleza mashine kwa maneno ya kawaida kitu wanachokitaka, na kabla chai haijapoa mashine imekwisha kuandika yote. Kijana hunakili, hutia jina lake juu, hupeleka kwa mwalimu, na hupata alama nzuri.

Je, kijana huyo ametenda ubaya? Na kama ametenda ubaya, amemtendea nani?

Swali hili laweza kuonekana kuwa la wasomi wa mjini tu, lisilomhusu mtu alimaye mihogo kando ya njia ya Buta au ya Ubundu. Sivyo. Mtu wa kijiji naye huegemea kazi ya waandishi hao. Ampelekeapo dada yake faranga kwa simu, kama watu wa Kongo wafanyavyo kwa M-Pesa tangu mwaka 2012, iko programu ihesabuyo kiasi kilichotoka na kiasi kilichoingia. Yeye haioni, hawezi kuisoma, wala hamjui aliyeiandika. Anasadiki tu.

Kwanza yafaa ijulikane mashine hiyo mpya ni kitu gani, maana wako wanaoiogopa kama uchawi, na wako wanaoisadiki kama nabii, na pande zote mbili wamekosa. Kampuni moja ya Marekani iitwayo OpenAI iliitoa mashine ya ChatGPT mbele ya watu wote tarehe 30 Novemba 2022, na tangu siku hiyo nyingine nyingi za namna yake zimefuata. Elimu hiyo huitwa akili bandia. Mashine imelishwa maandishi mengi ajabu, ya vitabu na ya kurasa za intaneti, pamoja na programu zilizoandikwa na mafundi wa nchi nyingi na kuachwa wazi ili wengine wazisome. Kwa hayo imejifunza ni neno gani hufuata neno gani. Iulizwapo, hukisia neno la kwanza, kisha la pili, kisha la tatu, mpaka jibu limetimia. Kasuku wa misitu ya Tshopo hurudia tu alichokisikia. Mashine hii humpita kasuku, maana hutunga maneno mapya, tena mara nyingi yaliyo sawa. Lakini haina haya ikikosea. Huleta kosa kwa sauti ile ile iletayo ukweli. Ndiyo sababu mwezi wa Desemba 2022, siku chache tu baada ya ChatGPT kutoka, wenyeji wa Stack Overflow, baraza la intaneti ambapo mafundi wa programu huulizana na kujibizana, walikataza majibu yaliyotungwa nayo. Yalionekana mazuri, na mengi yalikuwa na makosa.

Wala mashine haikujielimisha peke yake. Gazeti la Time lilieleza mwezi wa Januari 2023 kwamba wafanyakazi wa Nairobi, waliolipwa chini ya dola 2 kwa saa, walisoma maandishi machafu na ya kutisha na kuyatia alama, ili mashine ijifunze kuyaepuka. Basi asemaye «mashine imeandika» na akumbuke kwamba nyuma ya mashine liko jasho la watu wengi, na wengine wao ni majirani.

Sasa, wako wasemao: «Mashine ni chombo tu, kama jembe. Kwa nini mtu alaumiwe kwa kutumia chombo?» Hoja hii ina nguvu, wala haifai kudharauliwa. Mafundi wa programu wa Ulaya na wa Marekani huitumia kila siku, na hakuna awaitaye wadanganyifu. Fundi aliyeandika programu miaka 20, akiiachia mashine sehemu ya kazi, huisoma iliyoletwa kama mwashi mzee autazamavyo ukuta uliojengwa na kibarua: jicho lake huona mara moja mahali palipopinda. (Hata huyo hujidanganya. Mwaka 2025 watafiti wa METR, huko Marekani, waliwapima mafundi 16 wazoefu. Mafundi walidhani kwamba mashine imewaharakisha kwa asilimia 20, kumbe imewachelewesha kwa asilimia 19. Kubembelezwa ni kutamu.)

Lakini mwanafunzi si fundi, na hapo ndipo wengi hupotea njia. Iko kazi ambayo matunda yake ni kitu, na iko kazi ambayo matunda yake ni mtu. Mwashi ajengapo nyumba ya jirani, kinachotakiwa ni nyumba. Ikisimama imara, jirani hatauliza mwashi alitumia koleo gani. Bali mwalimu amwagizapo mwanafunzi aandike programu ya kupanga majina ya watu kwa alfabeti, yeye hana haja yoyote na programu hiyo. Ziko tele duniani, tena nzuri kupita ile ambayo mwanafunzi ataweza kuiandika. Anachokitaka ni kijana aliyekwisha kuhangaika nayo: aliyekosea, akatafuta kosa usiku kucha, akakuta mwishoni kwamba alisahau alama moja ndogo, akacheka au akalia. Kuhangaika kule ndiko masomo yenyewe. Mwenye kuiachia mashine mahangaiko ameiachia na masomo, naye amebaki na karatasi.

Jambo hili limepimwa. Katika shule moja ya sekondari ya Uturuki, watafiti waliwagawa wanafunzi karibu 1,000 wa hisabati katika makundi, wakatangaza matokeo mwaka 2024. Waliopewa mashine ya namna ya ChatGPT waliwazidi wenzao katika mazoezi kwa asilimia 48. Kisha mashine ikaondolewa, wakaandika mtihani kwa akili zao wenyewe, na alama zao zikawa chini kwa asilimia 17 kuliko za wale ambao hawakuwa na mashine tangu mwanzo. Lilikuwako na kundi la tatu, lililopewa mashine iliyoagizwa kutoa vidokezo badala ya majibu. Hao walisitawi kupita wote katika mazoezi, na katika mtihani karibu hawakudhurika. Yalikuwa masomo ya hisabati, si ya programu. Lakini akili inayojifunza hesabu na akili inayojifunza programu ni moja.

Wengine nao hujibu kwa ukali: «Ni wizi!» Je, ni wizi? Aliyeibiwa ni nani? Mwalimu hakupotewa na kitu. Mashine haina mali wala heshima ya kunyang'anywa. Tena udanganyifu huu haukuanza na mashine. Zamani pia walikuwako waliomlipa mwenzao mwenye akili awaandikie kazi ya mwisho ya masomo, na mwenzao huyo angalau alinunua kiatu. Neno «wizi», basi, halikilengi kidonda. Yafaa kuitazama diploma.

Diploma si zawadi, wala si malipo ya miaka ya kukaa darasani. Diploma ni ushahidi. Humwambia mtu asiyeweza kuchungua mwenyewe: «Huyu anajua, umsadiki.» Kama haijui kazi, karatasi ile inasema uongo, tena husema uongo kila siku mahali inapoonyeshwa, hata mwenyewe akiwa amelala. Wakatekumeni wajifunzao amri ya nane wanajua kwamba ushahidi wa uongo una watu wawili: yeye ashuhudiaye na yeye aumiaye kwa kuusadiki. Mwanafunzi humwona mwalimu tu mbele yake, hudhani mchezo ni baina ya hao wawili. Yule wa tatu hamwoni bado.

Na uchukuliwe mfano. Wako akina mama 20 wa soko la Mangobo, wauzao samaki, kwanga na mafuta ya mawese, nao wameunda likelemba. Kila juma kila mmoja hutoa kiasi kile kile cha faranga, na kwa zamu mmoja hupokea jumla yote. Kwa wengine zamu hiyo ndiyo karo ya shule, kwa wengine ndiyo mabati ya nyumba. Mtoto wa mmoja wao yuko chuoni, anasomea kompyuta, naye kwa moyo mwema aahidi kuwaandalia programu katika simu, iandike nani ametoa na nani hajatoa, ili daftari la karatasi lililolowa mvua likapumzike. Mashine humwandikia programu hiyo kwa saa moja, mistari kama 300. Anaijaribu mara mbili, inafanya kazi. Akina mama wanafurahi, wanamwita fundi.

Kwa miezi miwili mambo yakaenda vema. Kisha mmoja wa akina mama akaugua, akakosa soko juma moja. Juma lililofuata akaja na fedha mara mbili: deni la juma lililopita, na ya juma lile. Akazitoa mbele ya wote, saa ya asubuhi na saa ya mchana. Lakini programu ilikuwa ikiyatambua malipo kwa jina la mtu na tarehe tu. Jina lile lile, tarehe ile ile: malipo ya pili yakakaa mahali pa ya kwanza, na ya kwanza yakafutika bila sauti. Ilipofika zamu yake ya kupokea, simu ikaonyesha kwamba bado anadaiwa. Minong'ono ikaanza. Zamu ikapewa mwingine.

Akamwendea kijana nyumbani. «Mwanangu,» akasema, «mimi nililipa. Nililipa mbele ya macho yao.»

«Ndiyo, Mama. Niache nitazame.»

Kijana akaifungua programu. Mistari 300, na hakuna hata mmoja alioutambua kama mtu atambuavyo mwandiko wake. Akaiuliza mashine. Mashine ikaomba radhi kwa adabu nyingi, ikabadilisha mahali fulani. Sasa deni la mama likaondoka, lakini jumla ya fedha zote ikakataa kulingana. Akauliza tena. Ikaomba radhi tena.

Msomaji asidhani kwamba mfano huu ni wa kutishia watoto. Uingereza, nchi tajiri yenye mahakimu wengi, iliona makubwa zaidi. Tangu mwaka 1999 posta ya huko ilitumia programu iitwayo Horizon kuhesabu fedha za ofisi ndogo ndogo. Programu ikaonyesha upungufu usiokuwako. Mpaka mwaka 2015 wakuu wa ofisi hizo zaidi ya 900 walikuwa wamehukumiwa kwa wizi au kwa hesabu za uongo. Wengine walifungwa, wengine walifilisika, na wako waliokufa kabla ya jina lao kusafishwa. Hata mwaka 2024 Bunge likatunga sheria ya kuwafutia hatia. Horizon iliandikwa na watu, si na akili bandia. Uchunguzi umeonyesha kwamba baadhi ya wakubwa walijua, au walipaswa kujua, kwamba programu yaweza kukosea. Lakini mbele ya hakimu neno la kompyuta lilisadikiwa kuliko neno la mwanadamu. Huko angalau walikuwako waliojua. Itakuwaje mahali ambapo hata mwandishi mwenyewe hajui?

Baada ya haya ni rahisi kusema: «Basi ikatazwe.» Neno hilo ni jepesi kinywani mwa mtu aliyesoma mahali penye maktaba. Chuo Kikuu cha Kisangani kilianza mwaka 1963, nacho, kama vyuo vingi vya nchi, kimepita katika vita na katika umaskini. Mwanafunzi wa mji huu huenda akajifunza kompyuta kwa kunakili ubaoni, kwa sababu kompyuta ni chache kuliko watu. Umeme wa bwawa la mto Tshopo, lililojengwa wakati wa Wabelgiji, haukuutosha mji miaka mingi. Masomo ni kwa Kifaransa, lugha ambayo wengi hawakuinyonya kwa mama zao. Kwa kijana wa namna hiyo, mashine iliyo ndani ya simu huenda ndiyo mwalimu wa kwanza ambaye hakuchoka naye. Msichana aonaye haya kuuliza mbele ya wanafunzi wengi wa kiume aweza kuiuliza swali lile lile mara kumi, wala haitamcheka. Itamweleza kwa Kifaransa chepesi, au hata kwa Kiswahili, ingawa Kiswahili chake huchechemea. Kumnyang'anya huyo msaada wake, hali mwana wa tajiri ataendelea kuutumia kwa siri, si haki.

Tofauti, basi, haiko kati ya atumiaye na asiyetumia. Iko katika neno lililo rahisi kulisema na gumu kulitimiza: je, aweza kutoa hesabu ya kazi iliyo na jina lake? Yeye aiambiaye mashine, «Nieleze kwa nini programu yangu inakosea,» na yeye aiambiaye, «Niandikie,» wameshika simu moja, lakini hawafanyi tendo moja. Wa kwanza ameomba mkono wa kuvukia mto. Wa pili amebebwa mgongoni, na akifika ng'ambo hajui kina cha maji. Siku mtandao ukatikapo, nao hukatika, wa kwanza bado ana kitu kichwani.

Maporomoko ya mto yako karibu na mji, na huko Wagenia huvua samaki. Husimika miti mirefu katika mashimo ya miamba, katikati ya maji yaendayo kwa nguvu, huifunga kwa kamba za msituni, kisha hutundika mitego mikubwa ya kusukwa, mipana mdomoni na myembamba mkiani. Mwana hujifunza kwa kumfuata baba juu ya miti ile. Fundo la kamba halina jina la mtu juu yake. Lakini aliyelifunga anajua kwamba kesho mjomba wake atalikanyaga, na maji yako chini. Hakuna baba wa Kigenia ambaye angeridhika kuambiwa na mwanawe, «Limefungwa,» kama mwana hawezi kulifungua na kulifunga tena mbele yake. Mwandishi wa programu hamwoni mtu atakayekanyaga fundo lake, na hiyo ndiyo hatari ya kazi yake kupita ya mvuvi.

Wakatekumeni hawahitaji kuelezwa sana jambo hili. Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha shirika la Mapadre Weupe mwaka 1868, aliagiza miaka 4 ya matayarisho kabla ya ubatizo. Majibu ya katekisimu huweza kukaririwa kwa miezi michache, na miaka ile haikuwekwa kwa ajili ya majibu. Hata hati ya Roma iitwayo Antiqua et nova, ya mwezi wa Januari 2025, inapozungumza juu ya akili bandia katika shule, inaonya juu ya programu zitoazo majibu tu badala ya kumsaidia mwanafunzi ayafikie mwenyewe.

Walimu nao wana sehemu yao, na si ndogo. Maadamu mtihani ni karatasi inayoletwa kutoka nyumbani, mashine itaijaza. Mwalimu mwenye wanafunzi 300 hawezi kumketisha kila mmoja saa nzima, hilo ni kweli. Lakini aweza kupiga kura, akamwita mmoja mmoja kwa dakika 10, akafuta mstari mmoja wa programu na kuuliza: «Sasa itatokea nini?» Swali hilo halihitaji umeme. Aliyeandika atajibu, na aliyesaidiwa na mashine akaelewa atajibu pia. Aliyenakili atatazama dirishani. Ila mwalimu aulizaye hivyo lazima naye awe anajua. Wako wanaokemea wanafunzi asubuhi kwa masomo waliyoandikiwa na mashine ile ile usiku uliotangulia, na wanafunzi hulitambua jambo hilo upesi kuliko walimu wanavyodhani.

Yule kijana wa likelemba alipoona kwamba radhi za mashine hazina mwisho, alirudi sokoni kwa yule mama. Haikuwa safari rahisi, maana akina mama wengine walikuwa wakisikia.

«Mama, unisamehe. Programu ile sikuiandika mimi, wala sikuisoma.»

Mama akamtazama kwa muda. «Basi, isome,» akasema, akageukia samaki wake.

Ilimchukua majuma matatu. Aliusoma mstari mmoja mmoja, na alipokwama aliiuliza mashine maana ya neno, bila kuiruhusu iandike kitu. Mengi aliyakuta hayana kazi. Kosa lenyewe lilikuwa mahali pamoja, na lilihitaji kuongezewa namba ya kila malipo, ili malipo mawili ya siku moja yasikae kiti kimoja. Malipo ya asubuhi ile hayakuwako tena katika simu. Ilimpasa kuwauliza akina mama, mmoja baada ya mwingine, nani alimwona mwenzao akitoa fedha, naye akayaandika kwa mkono. Wanne walikuwa wameona. Wakati huo wote fedha za likelemba ziliandikwa katika lile daftari la karatasi.